Maswali ya Wasomaji: Daftari Kwanza, Kabati Baadaye

Barua za mwezi huu zimetoka katika nyumba zisizofanana, lakini zote zinauliza jambo moja: mtu aipangeje nyumba yake ili ikae imepangwa. Jibu la barua ya kwanza ni refu kuliko mengine, kwa sababu ndani ya barua hiyo mna karibu kila kosa ambalo wengi wetu hulifanya kwa nia njema.

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mama wa watoto watatu na ninafanya kazi nje ya nyumba siku tano kwa wiki. Karibu kila Jumamosi hutumia siku nzima kupanga nyumba, na jioni ikifika kila kitu kinapendeza. Lakini kabla ya Alhamisi meza ya sebuleni imekwisha kujaa tena, viatu vimetapakaa mlangoni, na nguo zilizofuliwa zimerundikana kwenye kiti cha chumbani zikisubiri kukunjwa. Mwaka huu nimenunua makapu na masanduku ya plastiki 12 pamoja na shelfu moja, na yote yamejaa bila mimi kuweza kusema kwa hakika yamejaa nini. Mume wangu anasema nyumba ni ndogo. Mimi naanza kuamini kwamba ni mzembe. Nianzie wapi? — Mama wa Watatu

JIBU: Mama, wewe si mzembe, na ningependa uliondoe neno hilo kabla hujaondoa kitu kingine chochote. Mtu anayetoa Jumamosi zake zote kwa ajili ya nyumba ana bidii ya kutosha. Anachokosa ni mpango. Barua yako mwenyewe inalionyesha jambo hilo. Umenitajia mahali patatu tu ambapo vitu hukwama, yaani meza ya sebuleni, mlangoni na kiti cha chumbani, na bila shaka ni mahali palepale kila wiki. Vitu vya nyumbani haviendi ovyo kama tunavyodhani. Hufuata njia za watu, na hutua pale ambapo mtu amefika akiwa amechoka, au mikono imemjaa, au hajui kitu alichoshika kinakaa wapi. Kila rundo linakueleza jambo fulani kuhusu nyumba yako, nawe kila Jumamosi unalifagia kabla hujalisikiliza.

Ndiyo maana nakuomba kwamba Jumamosi ijayo usipange kitu chochote. Tafuta daftari, na kwa siku saba mfululizo, kila usiku kabla ya kulala, zunguka nyumba kwa dakika tano ukiandika vitu vilivyoachwa: ni kitu gani, kimeachwa wapi, nani alikuwa anakitumia, na mahali pake halisi ni wapi. Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Utagundua kwamba kwa vitu vingi huna jibu, au unalo jibu ambalo mumeo na watoto hawalijui, na kitu ambacho mahali pake panajulikana na mtu mmoja tu ni sawa na kitu kisicho na mahali. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika nyumba nyingi mali haiishi, bali hufichika machoni huku ikiwa mumo humo, nasi tunanunua mkasi wa tatu kwa sababu miwili ya kwanza haionekani.

Wiki ikiisha, soma daftari lako kwa utulivu. Baadhi ya vitu vitakuwa havina makazi kabisa: chaja, funguo, barua za shule, mifuko ya watoto. Vipe makazi, na makazi hayo yawe karibu na pale vinapotua sasa, kwa maana ni rahisi zaidi kuhamisha makazi ya kitu kuliko kuhamisha mazoea ya watu watano. Ikiwa viatu huvuliwa mlangoni, basi viatu vikae mlangoni, hata kama wewe ungependa vikae chumbani. Vitu vingine vitakuwa na makazi ambayo ni magumu kuyafikia, na hapa nguo zako za kwenye kiti ni mfano ninaotaka tukae nao kidogo. Nguo hizo zinayo kabati. Je, ukifungua kabati hilo sasa hivi, mkono utaingia na rundo la nguo zilizokunjwa bila kulazimika kusukuma kitu? Nina hakika hauingii, na kama ni hivyo, dawa ya kiti haiko kwenye kiti. Iko ndani ya kabati, kwenye nguo ambazo hakuna anayezivaa. Chunguza pia kama zote zilizo kwenye kiti zimefuliwa kweli. Katika nyumba nyingi rundo la namna hiyo huwa na nguo zilizovaliwa mara moja, ambazo bado hazijachafuka kiasi cha kufuliwa lakini mtu anaona haya kuzirudisha katikati ya safi. Nguo za aina hiyo hazina mahali popote katika mpango wa kawaida wa kabati na kapu la nguo chafu. Ndoano tatu au nne nyuma ya mlango wa chumba zinaweza kuondoa nusu ya rundo lako bila wewe kukunja nguo hata moja.

Kuhusu neno la mume wako, kwamba nyumba ni ndogo, sina sababu ya kumbishia kuhusu ukubwa wake, lakini udogo peke yake hauleti vurugu. Mnamo 1912 mwandishi wa Marekani, Christine Frederick, alianza kuchapisha makala kuhusu kazi za nyumbani, ambamo alihesabu hatua ambazo mtu hutembea bure jikoni kwa sababu vyombo vimewekwa mbali na kazi vinazofanya. Mawazo yake yalivuka bahari, na mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni kwa ajili ya nyumba za mji wa Frankfurt jiko lenye upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa takriban mita 3.4. Kila kitu kilipangwa humo kwa kufuata mfululizo wa kazi na umbali wa mkono. Somo lake kwetu ni kwamba kitu kikae pale kinapotumika, na kinachotumika kila siku kikae kati ya kiuno na bega, ambapo mtu hahitaji kuinama wala kupanda kiti. Kitu kizito kisiwekwe juu ya kichwa hata kama kinatumika mara moja kwa mwaka, na sabuni kali, dawa za kuulia wadudu na dawa za binadamu zikae mbali na mikono ya watoto, ikiwezekana mahali penye kufuli.

Sasa tuje kwenye yale makapu 12. Katika viwanda vya Japani kuna utaratibu wa kupanga mahali pa kazi unaojulikana kwa maneno matano yanayoanza na herufi S. Neno la kwanza, seiri, lina maana ya kuchambua na kuondoa kisichohitajika. La pili, seiton, ni kukipa kila kilichobaki mahali pake. Wewe ulianza na la pili. Kapu lililonunuliwa kabla ya kuchambua huwa linatafuta kitu cha kubeba, na hupata daima. Kwa hiyo usinunue chombo kingine chochote hadi daftari lako likuambie kitawekwa nini ndani yake, na hadi uwe umepima kwa futi urefu, upana na kina cha shelfu ambapo kitakaa. Nadhani utakuta kwamba kati ya hayo 12 uliyonayo, kadhaa yatabaki matupu.

Kuchambua ndiko kugumu, sikufichi. Mwanauchumi Richard Thaler alieleza mwaka 1980 kwamba mtu hukipa kitu thamani kubwa zaidi kwa sababu tu kimekwisha kuwa chake, na ndiyo maana swali la "je, kinaweza kufaa siku moja?" halisaidii: karibu kila kitu kinaweza. Jiulize badala yake kama usingekuwa nacho leo ungetoka kwenda kukitafuta. Usemi wa kwamba kupanga ni kuchagua unasikika zaidi katika mambo ya nchi na bajeti, lakini sijui mahali unapoonekana kuwa kweli kuliko mbele ya droo iliyojaa nyaya ambazo vifaa vyake havipo tena. Usichambue vitu vya mume wako bila yeye kuwapo, wala vya mtoto aliyefikia umri wa kuulizwa. Utaokoa dakika chache na kupoteza imani yao, na imani hiyo utaihitaji.

Kuhusu muda, ipangie kazi hii vipande vidogo: droo moja, shelfu moja, upande mmoja wa kabati. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha jinsi watu wanavyokadiria muda mfupi kuliko ule ambao kazi itachukua, hata wanapojua kwamba kazi za namna hiyo ziliwachelewesha huko nyuma. Nilipopanga stoo yangu nilijipa asubuhi moja, nikamaliza jioni ya siku ya nne. Tangu hapo nikikadiria saa moja huandika mbili, na simwagi nje vitu vingi kuliko ninavyoweza kuvirudisha kabla ya saa hizo kwisha. Kabati lote likiwa juu ya kitanda saa tatu usiku, utalirudisha lilivyokuwa, kwa sababu kila mtu anataka kulala.

Jambo la mwisho kwako, Mama, ndilo ambalo ningetamani ulishike kuliko yote. Kupanga na kurudisha ni kazi mbili. Kupanga kunahitaji kufikiri na kuamua. Kurudisha kunahitaji mikono tu. Jumamosi zako zinakuchosha kwa sababu kila wiki unaamua upya yale uliyoyaamua wiki iliyopita, na unaamua peke yako. Mahali pa kila kitu pakishaamuliwa na nyote watano, mkiwa mmekaa pamoja na daftari katikati, kurudisha kunaweza kufanywa na mtoto wa miaka minne, mradi sanduku liko kimo chake na lina picha ya kinachokaa ndani. Chagueni dakika kumi zinazofuata jambo ambalo tayari mnalifanya kila jioni, ili jambo hilo liwakumbushe badala ya wewe kuwakumbusha. Msitarajie mazoea hayo yaote kwa wiki moja. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 wastani ulikuwa siku 66 kabla tabia kufanyika bila kujilazimisha. Wengine walihitaji siku 18, na kwa waliokuwa wazito zaidi makadirio yalifika siku 254. Watafiti hao walibaini pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Usiku mkishindwa, mtarudisha kesho.

SWALI: Dada mshauri, naishi katika chumba kimoja cha kupanga. Humo nalala, nasoma, nafanya kazi na kupokea wageni, na mwenye nyumba haruhusu kutoboa kuta. Mashauri ninayosoma yanazungumzia sebule, stoo na vyumba vya wageni. Mtu wa chumba kimoja apangeje? — Kijana Mpangaji

JIBU: Mdogo wangu, umesema kweli kwamba mashauri mengi hayakukumbuki. Mwenye chumba kimoja hagawanyi nyumba kwa vyumba, anaigawanya kwa shughuli, na kila shughuli apewe kona yake na chombo chake. Vitu vya kazi vyote viingie katika sanduku moja au mkoba mmoja unaofungwa, ili mgeni akibisha hodi, ofisi yako iondoke mezani kwa dakika moja.

Kabla ya kusogeza kitanda, kichore kwanza chumba. Pima kuta zote, kisha kwenye karatasi kila sentimita 20 za chumba ziwe sentimita 1, hivyo ukuta wa mita 3 utakuwa na sentimita 15. Kata vipande vya karatasi kwa kipimo hichohicho vikiwa badala ya kitanda, meza na kabati, uvisogeze hadi uridhike, na usisahau kuchora nafasi ambayo mlango unahitaji ili kufunguka, pamoja na mahali zilipo soketi za umeme. Kazi hiyo ya jioni moja itakuokoa kuburuta kabati mara tatu na kugombana na jirani wa chini.

Vitu vya msimu na vya safari viwekwe chini ya kitanda, ndani ya masanduku ya safari ambayo vinginevyo yangekuwa matupu. Badala ya misumari tumia ndoano zinazoning'inizwa juu ya mlango, na shelfu inayosimama yenyewe, ambayo vitabu na vitu vizito vitakaa chini ili isianguke kirahisi. Ikiwa ukuta wa nje huwa na unyevu, acha upenyo wa sentimita kadhaa kati yake na kabati hewa ipite, la sivyo ukungu utaota mgongoni mwa kabati kabla hujauona. Na kwa kuwa chumba chako hakiongezeki, weka kanuni ya kwamba kitu kipya kinapoingia, kingine cha aina yake kinatoka. Katika nyumba kubwa kanuni hiyo ni ya hiari, ila kwako ni ya lazima.

SWALI: Mshauri, karatasi zimenishinda. Nina mifuko minne ya karatasi na ninaogopa kutupa hata moja. — Mwenye Mifuko Minne

JIBU: Hofu yako ina msingi, kwa sababu katikati ya mifuko hiyo huenda mna karatasi tano au sita ambazo kuzipata upya ni kazi ya miezi. Anza na hizo peke yake: vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, vyeti vya elimu, hati za mali, mikataba inayoendelea, na kumbukumbu za matibabu. Zitie katika faili moja, faili katika mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo ukae juu, mbali na sakafu, mahali ambapo angalau mtu mmoja zaidi katika familia anapajua. Piga nakala, na nakala zikae kwenye nyumba nyingine unayoiamini. Zilizobaki zigawanye kwa mwaka, si kwa aina, kwa maana ni rahisi kuamua juu ya mwaka mzima ambao umekwisha kuliko juu ya karatasi moja moja. Lakini zile za kodi na ajira zitunze kwa muda ambao sheria ya nchi yako inataka. Risiti za karatasi laini inayong'aa zipigie picha mapema ikiwa zinahusu dhamana ya kifaa, kwa kuwa maandishi yake hutokezwa kwa joto na hufifia yenyewe hata zikiwa ndani ya faili.

SWALI: Mwanangu, mke wangu alifariki mwaka jana baada ya miaka 41 ya ndoa. Watoto wangu wanataka kuja mwisho wa mwezi kuipanga nyumba na kuondoa vitu vyake kwa siku mbili, wakisema itanisaidia. Sitaki kuwavunja moyo, lakini siwezi kulala nikifikiria siku hizo mbili. Pia ipo cherehani yake dirishani, nami sijui niifanyeje. — Mzee Mjane

JIBU: Shikamoo, mzee wangu, na pole sana. Watoto wako wanakupenda, na wanataka kufanya jambo linaloonekana kwa sababu maumivu yako hawana namna ya kuyagusa. Waache waje, lakini mpango wa siku hizo mbili uuandike wewe, uwatumie kabla hawajafunga safari.

Wape kwanza kazi ambazo haziumi. Dawa zilizobaki na zilizopitwa na wakati zikusanywe na kupelekwa kwenye duka la dawa au kituo cha afya kinachozipokea, zisimwagwe chooni. Vifaa vibovu, nyaya na magazeti vitoke. Zulia linaloteleza liondolewe, njia ya kutoka kitandani hadi msalani iwe wazi na iwe na taa inayofikika kwa mkono, na kabati refu lifungwe ukutani lisije likaanguka. Hayo ni mambo ya usalama wako, yatawachukua karibu siku nzima, nao watarudi kwao wakijua wamekusaidia kweli.

Siku ya pili kaeni na vitu vya mama yao bila kuondoa chochote. Kila mtoto ataje kitu kimoja au viwili ambavyo angetaka kuvitunza, na wewe usimulie vilikotoka, huku mmoja wao akiandika. Picha za zamani ziandikwe majina nyuma kwa penseli laini wakati wewe bado unawatambua watu wote waliomo; kazi hiyo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Nguo zake zisiguswe safari hii. Utakapokuwa tayari, ukiwa peke yako au na mmoja wao unayemchagua, fungua droo moja, na ukiona nzito, ifunge. Vile usivyoweza kuviamulia viweke katika sanduku lenye tarehe ya siku hiyo, nalo lisifunguliwe kwa mwaka mmoja. Kabati la mke wako liwe la mwisho katika nyumba nzima.

Na ile cherehani, mzee wangu, ikiwa haikuzuii kupita na hakuna kati ya watoto anayehitaji kuitumia, basi iandike katika daftari kwamba mahali pake ni dirishani.